Moto Usio na Moshi Ndani ya Lundo la Maganda

Mzazi wa Musoma akisikia mwanawe ameagizwa kwenda shule na taka za nyumbani, lazima aulize: mtoto atajifunza nini jalalani? Atajifunza sayansi, tena ya kushika kwa mikono.

Mwaka 1973 mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, aliwapa wanafunzi wake taka za mji wa Tucson wazichambue na kuzipima. Waligundua, kwa mfano, kuwa watu hunywa bia nyingi kuliko wanavyokiri wakihojiwa. Baadaye walipochimba madampo walikuta magazeti ya miongo kadhaa yakiwa bado yanasomeka. Taka zilizofukiwa zikakosa hewa haziozi upesi.

Kwenye hewa ndipo penye uhondo. Darasa la Bunda au Butiama likitenga taka na kuzipima kwa mizani, fungu zito kwa kawaida ni la vinavyooza: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya mboga, majani. Vichanganyeni na majani makavu, lundo lifike kama mita moja kila upande, linyunyizieni maji, kisha chomekeni kipimajoto katikati. Lundo likikaa vizuri, baada ya siku chache litafika nyuzi 55, pengine hata 65.

Joto hilo latoka wapi? Lichukulie lundo kama jiko la mkaa. Kaboni ya mkaa ikikutana na oksijeni hutoa joto na hewa ukaa. Bakteria na kuvu hufanya kazi hiyohiyo polepole, na nishati wasiyoihifadhi mwilini hutoka ikiwa joto. Kaa moja likiachwa peke yake hupoa, yakirundikwa hutunziana moto. Ndiyo maana maganda machache hayapati joto. Ziba matundu ya jiko, moto unafifia. Lundo lisilopinduliwa nalo huishiwa hewa, wakatawala bakteria wasiohitaji oksijeni, wanaotoa methani na uvundo. Kuni pia zina kipimo: sehemu 25 hadi 30 za kaboni, kutoka majani makavu, kwa sehemu moja ya naitrojeni, kutoka maganda mabichi na samadi.

Joto likipita nyuzi 40 hivi, bakteria wa mwanzo huwapisha wengine, ambao mimi nawaita bakteria pendajoto. Wao huupandisha moto hadi ukaua mbegu za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Kisha lundo hupoa, likabaki mboji nyeusi.

Fungu la plastiki halina mlaji wa namna hiyo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019, lakini chupa na vifungashio bado vipo. Watafiti waliochunguza sangara na sato wa Ziwa Victoria sokoni Mwanza walikuta plastiki tumboni mwa samaki mmoja kati ya watano. Musoma huvua ziwa hilohilo.

Wanafunzi wavae glavu. Vioo na sindano wasiviguse.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitaka shule ziwe na mashamba. Walimu wa Mkoa wa Mara, mizani na kipimajoto vinatosha kuanza. Chambueni taka, pimeni joto, na mboji ipelekeni shambani.