Sofi, shanga iliyokuwa fedha ya Ujiji

Je, wajua kuwa Mha aliyeshuka na mbuzi wake kutoka milima ya Kasulu hadi soko la Ujiji miaka ya 1870 alilipwa kwa shanga? Tena si shanga yoyote. Pale sokoni iliyotakiwa ilikuwa sofi.

Sofi ilikuwa shanga ya kioo, nyembamba na ndefu kidogo, yenye tundu katikati kama kipande cha shina la kiko. Ilitoka viwandani Ulaya, ikashushwa Zanzibar, kisha wapagazi wakaibeba mabegani kupitia Tabora. Iliyotumika Ujiji ilikuwa ya buluu na nyeupe. Shanga 20 zilitungwa kwenye uzi mmoja, na nyuzi 10 zikafungwa pamoja kuwa fungu moja. Mmisionari Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka 1878, aliandika kuwa yadi 4 za kitambaa chepesi, yaani doti moja, zilileta mafungu 9 hadi 11. Hizo ni shanga 1,800 hadi 2,200, na kiwango kilibadilika kila siku kulingana na wingi wa sofi sokoni.

Kinachonivutia zaidi ni wabadilishaji fedha. Msafiri Verney Lovett Cameron aliwaona mwaka 1874. Asubuhi soko likianza, walikaa na mifuko iliyojaa sofi, wakawapa wanunuzi na kupokea shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, walizichukua tena sofi zilezile kutoka kwa wauzaji. Walipata faida wakati wa kutoa na wakati wa kupokea. Anayesema wenyeji walihadaiwa kwa vishanga aisome habari hii vizuri: hawa walikuwa watu wenye fedha yao, wanaojua kupanda na kushuka kwa bei, na mfanyabiashara aliyekuja na shanga wasizozitaka alikuwa amebeba mzigo wa bure.

Huko Marekani Kaskazini, Wairokwoi nao walikuwa na shanga zenye umbo hilohilo, nyeupe na zambarau, zilizochongwa kwa makombe ya bahari. Ziliitwa wampumu. Walowezi wa Massachusetts waliifanya fedha halali mwaka 1637, lakini kwa Wairokwoi wenyewe kazi yake kubwa ilikuwa kubeba maneno. Mkanda wake ulishika mapatano, na nyuzi zake zilitolewa kumfariji aliyefiwa. Mwaka 1989 jimbo la New York liliwarudishia Waonondaga, mojawapo ya mataifa ya Wairokwoi, mikanda 12.

Sofi, kwa upande wake, ilikuwa ya sokoni. Kwa watawala wa Buha, nchi ya Waha, mambo yalipimwa kwa nguo: msafiri Henry Morton Stanley alipokatiza nchi hiyo Novemba 1871, alidaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo 100, akabishana hadi akatoa 75. Baadaye Wajerumani walileta rupia pamoja na kodi ya nyumba, na kutoka Kibondo hadi Ujiji watu wakalazimika kuitafuta fedha hiyo mpya.