Kutoka Makindu hadi mbio za Nairobi: akiba ya wiki 25, meseji moja ya uongo na medali kumi

Mbio za marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Hiyo kila mtu anaijua. Ila ukiishi Makindu, kabla hujafika kwenye mstari wa kuanzia kule Nairobi kuna kilomita zingine kama 170 za barabara ya Mombasa, na kabla ya hizo kuna miezi ya kuweka pesa kidogo kidogo kwa simu. Hiyo sehemu ya pili haionyeshwi kwenye runinga.

Ndiyo maana tulienda Makindu kukaa na kundi la wakimbiaji kumi waliokwenda Nairobi na kurudi. Kuna mwalimu wa shule ya msingi, vijana watatu wa boda boda, muuguzi, fundi wa nguo, mwenye kibanda cha matunda kando ya barabara kuu, na wengine. Mweka hazina wao ni mama mwenye duka, na wote humwita Mwaitu, neno la Kikamba la heshima kwa mama. Wameomba tusiwataje majina. Na sisi hatutataja ni mbio zipi walizokimbia, kwa sababu wezi walitumia jina la mbio hizo na waandaaji hawakuhusika kwa lolote.

Si lazima uwe bingwa

Ukambani ina historia yake kwenye mbio. Benson Masya wa Kitui, aliyewahi kuwa bondia, ndiye aliyeshinda mbio za kwanza kabisa za dunia za nusu marathoni mwaka 1992. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Patrick Makau naye alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin, Septemba 2011, kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38.

Kundi letu la Makindu halifukuzii rekodi. Mwalimu alianza kukimbia baada ya daktari kumwambia presha yake imepanda. Vijana wa boda walianza kwa sababu wanakaa kwenye pikipiki kutwa nzima na mgongo unalalamika. Mwaitu alianza kwa kuwasindikiza wenzake akitembea, halafu siku moja akajikuta hatembei tena, anakimbia.

Nafasi ya watu kama hawa ipo. Standard Chartered Nairobi Marathon, iliyoanza mwaka 2003, na Nairobi City Marathon, iliyokimbiwa mara ya kwanza tarehe 8 Mei 2022 juu ya Expressway siku chache kabla barabara hiyo kufunguliwa kwa magari, zote hupokea wakimbiaji wa kawaida pamoja na mabingwa. Huna nguvu za kilomita 42? Kuna 21. Hata 21 ni nyingi? Kuna 10.

Hesabu ya Sh 200 kwa wiki

Wote kumi walikaa chini miezi sita kabla na kupiga hesabu ya mtu mmoja:

- Usajili: Sh 2,000
- Nauli ya kwenda na kurudi: Sh 1,600
- Malazi ya usiku mmoja: Sh 800
- Chakula na maji: Sh 600

Jumla Sh 5,000. Ukigawanya kwa wiki 25, ni Sh 200 kwa wiki. Kwa mtu wa boda hiyo si pesa ya kutisha ukiitoa siku ya Jumatatu kabla haijapata kazi nyingine. Lakini ukiambiwa utoe Sh 5,000 mara moja wiki ya mbio, wengi wangebaki nyumbani.

Kila Jumatatu walimtumia Mwaitu kwa simu, naye aliandika kwenye daftari: tarehe, jina, kiasi, na herufi za mwisho za kumbukumbu ya muamala. Hakukuwa na pesa taslimu. Mtu akisema “mimi nilituma,” wanaangalia daftari na meseji, maneno yanaisha.

Mazoezi nayo yalienda hivyo hivyo, kidogo kidogo. Alfajiri, kabla jua halijawaka, kwenye njia za vumbi mbali na malori ya barabara ya Mombasa. Makindu ni joto, na ukichelewa hadi saa mbili asubuhi umechelewa kabisa. Jumapili ndiyo siku ya mbio ndefu, na baadaye ni uji na muthokoi.

Meseji iliyofika Alhamisi jioni

Kufikia wiki tatu kabla ya mbio, sita walikuwa wameshasajiliwa kupitia tovuti rasmi. Wanne walikuwa bado. Mmoja wa vijana aliuliza kwenye ukurasa wa wazi wa Facebook kama usajili bado unaendelea, akaacha na nambari ya Mwaitu ili ajibiwe haraka.

Jibu lilikuja haraka kweli. Alhamisi jioni, duka limejaa wateja, meseji ikaingia kwenye simu ya Mwaitu. Ilimsalimia kwa heshima, ikataja jina la mbio, ikasema nafasi za makundi zimebaki nne tu na zinafungwa saa mbili usiku. Atume Sh 8,000 kwa nambari iliyo hapo chini, kisha atatumiwa nambari za wakimbiaji.

Nafasi nne. Wao walibaki wanne. Ilionekana kama bahati.

Mwaitu alituma. Kabla ya kuthibitisha, simu ilimwonyesha jina la atakayepokea. Lilikuwa jina la mtu binafsi. Anasema aliliona, akadhani ni karani wa usajili, na mteja mbele yake alikuwa anasubiri chenji. Akaweka PIN. Baada ya nusu saa nambari ile ilikuwa haipatikani.

Alipiga simu huduma kwa wateja usiku huo huo, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Kesho yake alienda kituo cha polisi, akaandikisha taarifa na kupewa nambari ya OB. Hadi tunaandika makala haya, pesa hizo hazijarudi.

Kuna jambo hapa tunataka ulielewe vizuri. Pesa ikitumwa kimakosa na bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji, tunaweza kuizuia wakati suala linachunguzwa. Ikishatolewa taslimu, sisi hatuna cha kushika. Wezi wanalijua hilo, ndiyo sababu kila meseji yao ina haraka: nafasi zinaisha, ofa inafungwa, tuma sasa. Haraka hiyo ni ya kukunyima dakika moja ya kuuliza mtu mwingine.

Kikao cha Jumamosi

Mwaitu aliita kikao na kusema mambo mawili. Kwanza, atalipa zile Sh 8,000 kutoka dukani, hata kama ni kwa mwaka mzima. Pili, yeye hataenda Nairobi.

Kikao kilikuwa kirefu. Wapo waliokasirika, na walikuwa na haki, maana Sh 200 ya kila wiki ilitoka kwenye jasho. Ila mwalimu aliuliza swali moja: meseji ile ingefika kwa nani mwingine hapa, angeigundua? Wakanyamaza. Kijana wa boda aliyeandika Facebook alisema ni yeye aliyemwaga nambari hadharani. Mwingine akamwambia, “Mwaitu, pesa hutafutwa. Wewe ukibaki, hata sisi safari imeisha.”

Wakarudi kwenye hesabu. Sh 8,000 kugawanya kwa watu kumi ni Sh 800. Na Sh 800 ndiyo pesa ya malazi ya kila mtu. Muuguzi ana dada anayeishi Mlolongo. Wakakubaliana: malazi yafutwe, walale kwa dada, na wale wanne wasajiliwe kwenye tovuti rasmi siku hiyo hiyo, kundi zima likitazama skrini. Safari hii jina lililotokea kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mbio zenyewe.

Watu kumi kwenye sakafu ya sebule moja usiku wa kuamkia mbio si jambo la kupendeza. Mwalimu anasema goti lake lilijua tofauti. Lakini wote walienda.

Siku yenyewe

Waliamka saa tisa usiku. Jambo la kwanza lililowashangaza ni baridi. Makindu iko kama mita 1,000 juu ya bahari, Nairobi iko karibu mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi zaidi, na mtu aliyezoea chini huhisi pumzi inakatika mapema. Fundi wa nguo alikuwa amelisikia hilo, akawashonea fulana nzito za kuvaa wakisubiri.

La pili ni watu. Hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia katikati ya umati wa aina hiyo. Foleni ya choo pekee ilikuwa safari. Halafu mlio wa kuanza ukasikika na kila mtu akatoka mbio, na hapo ndipo wengi walikosea. Vijana wa boda, waliokuwa kwenye kilomita 21, walifuata kasi ya watu wa mbele kwa kilomita tatu, na kwenye mlima wa kwanza wakalipa. Mmoja alitembea karibu kilomita mbili nzima kabla pumzi kurudi.

Mwalimu ndiye pekee aliyekimbia 42. Alikuwa sawa hadi kilomita ya 30. Baada ya hapo, anasema, miguu ikawa ya mtu mwingine. Hiyo ina sababu: sukari ambayo mwili huhifadhi kwenye misuli na ini huelekea kuisha baada ya saa kadhaa za kukimbia, na usipokula au kunywa kitu chenye nguvu njiani, mwili unakataa. Watu asiowajua kando ya barabara walisoma nambari kifuani mwake wakaanza kuiita kwa sauti. Alimaliza kwa saa 4 na dakika 51.

Mwaitu alikimbia kilomita 10. Hakutembea hata hatua moja. Alipovalishwa medali alikaa kwenye nyasi akaipiga picha kabla hata hajanywa maji, akaituma kwa binti yake Makindu.

Mkosi mmoja ulibaki. Kwenye msongamano wa kutokea, simu ya muuguzi ilichomolewa mfukoni, na ndani yake kulikuwa na nauli yake ya kurudi. Aliomba simu ya mwenzake, akapiga huduma kwa wateja, laini na akaunti vikafungwa. PIN yake haikuwa mwaka wa kuzaliwa na hakuwa ameiandika popote. Jumanne alipata laini mpya, na salio lilikuwa lile lile hadi shilingi ya mwisho. Siku hiyo ya mbio wenzake walimlipia gari.

Kama kundi lenu linajiandaa

Haya ndiyo kundi la Makindu linafanya sasa, na tunaona yanafaa chama chochote, hata kama hamkimbii:

1. Someni jina kabla ya PIN. Mkilipa shirika, mashindano au shule, na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simameni hapo. Msiendelee hadi mthibitishe.

2. Tafuteni nambari ya malipo wenyewe. Ichukueni kwenye tovuti rasmi au tangazo rasmi. Msiichukue kwenye meseji iliyowafuata.

3. Macho ya watu wawili kwa malipo ya kundi. Mwaitu hatumi tena pesa ya kundi akiwa peke yake. Lazima mwanachama mwingine asome skrini kwa sauti. Inachukua dakika moja.

4. Msiweke nambari ya mweka hazina hadharani. Ukiuliza kitu Facebook, usiache nambari ya mtu anayeshika pesa.

5. Gawanyeni nauli. Siku ya safari, pesa ya kurudi isikae kwenye simu moja. Weka nyingine kwa mwenzako au taslimu kidogo ndani ya soksi.

6. Ukiibiwa, piga simu kwanza, lia baadaye. Kila dakika inahesabika. Hifadhi nambari yetu ya huduma kwa wateja kichwani au kwenye karatasi, si kwenye simu pekee. Kisha ripoti polisi upate nambari ya OB.

Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako. Si kwa simu, si kwa meseji, si ana kwa ana.

Kundi la Makindu limeanza tena Jumatatu zake za Sh 200. Safari hii wameongeza Sh 40 kwa wiki, yaani Sh 1,000 kwa mtu baada ya wiki 25, ya malazi ya maana. Walipiga kura kuchagua mweka hazina mpya. Kura zote tisa zilienda kwa Mwaitu, na ya kumi, yake mwenyewe, ilienda kwa mwalimu.