Daftari Linalojiandika: Ukusanyaji wa Taarifa za Tarakilishi katika Mtandao wa Taasisi

Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hufafanuliwa darasani kwa mfano wa mwenye duka asiyeandika anachouza wala anachokopesha. Ufafanuzi huo ni sahihi, ila hulipuuza neno la mwisho. Methali haidai kwamba daftari huzuia mali kupotea. Inachodai ni kwamba mwenye daftari hupata habari, ilhali asiyekuwa nalo hupotelewa mara mbili: kwanza na mali yenyewe, kisha na ujuzi kwamba imepotea. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi daftari la aina hiyo linavyoundwa kwa ajili ya tarakilishi zilizounganishwa katika mtandao mmoja, hasa katika taasisi kama chuo kikuu, na jinsi linavyotegwa lijiandike lenyewe pasipo kumtuma karani mlango kwa mlango.

Yafaa kuanza na kasoro ya daftari la mkono. Mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili, mtunzaji wa vifaa hupita maabarani na ofisini akiwa na karatasi. Huandika nambari iliyobandikwa kwenye kasha, chumba kilimo na hali yake. Anachohesabu kwa hakika ni makasha. Kasha likifunguliwa usiku, kumbukumbu ya gigabaiti 8 ikatolewa na mahali pake ikatiwa ya gigabaiti 4, hesabu ya mwaka ujao haitatofautiana na ya mwaka huu. Mashine ipo, nambari ipo, sahihi ya mtunzaji ipo. Wanafunzi watalalamika kwamba tarakilishi ya pembeni imekuwa nzito, nao watajibiwa kwamba imezeeka.

Fauka ya hayo, macho ya mtunzaji hayaoni programu. Mnamo tarehe 12 Mei 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea ulimwenguni kwa kupitia kasoro moja ya mfumo wa Windows. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kasoro hiyo mwezi Machi mwaka huo huo, takribani miezi miwili awali. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kufuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Swali lililowakabili wasimamizi wa mitandao siku zile lilikuwa jepesi kulitamka: ni mashine zipi ambazo hazijatiwa kiraka? Aliyekuwa na daftari hai alilijibu akiwa ameketi. Asiyekuwa nalo alitembea.

Zipo njia kuu mbili za kulijaza daftari hili, nazo ni kuuliza na kuarifu. Katika njia ya kuuliza, mashine moja ya kati hupewa masafa ya anwani, mathalani kuanzia 192.168.10.1 hadi 192.168.10.254, nayo hubisha hodi kila mahali. Inapoitikiwa, huingia kwa jina na nywila iliyopewa, ikasoma aina ya kichakato, ukubwa wa kumbukumbu, diski, nambari ya kiwandani na orodha ya programu, kisha ikatoka. Katika njia ya kuarifu, kila tarakilishi huwekewa programu ndogo ambayo hujikagua yenyewe na kuipelekea seva ripoti. Programu hiyo huitwa wakala, na istilahi hii yastahili kutazamwa kidogo. Wakala, katika Kiswahili cha biashara na cha sheria, ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine. Je, huyu wa tarakilishi hutenda kwa niaba ya nani? Huishi kwa mwenyeji mmoja akamtumikia mwingine. Neno kachero lingeukaribia ukweli zaidi, ingawa ni vigumu kumpata msimamizi wa mtandao atakayekubali kulitumia.

Njia ya kuuliza ina wepesi wa kuanza, kwa kuwa hapana kinachowekwa katika mashine za watu. Hata hivyo, inahitaji nywila inayofungua milango yote, na huziona tu mashine zilizowashwa wakati wa kubisha. Isitoshe, ukuta wa ulinzi uliomo ndani ya Windows huweza kuinyima hodi hiyo jibu, hivyo kwamba chumba chenye tarakilishi 40 kikaonekana kitupu. Kwa taasisi yenye majengo mengi na vipakatalishi vinavyotoka na kurudi, njia ya kuarifu ndiyo inayofaa zaidi, nayo ndiyo itakayofafanuliwa kwa urefu.

Chukua mfano wa OCS Inventory, programu huria inayopatikana bila malipo. Seva yake hutumia hifadhidata ya MySQL au MariaDB, na msimamizi huisoma kwa kivinjari kama asomavyo tovuti yoyote. Wakala anapowekwa katika mashine huambiwa mambo machache: anwani ya seva, cheti cha kuthibitisha kwamba seva hiyo ndiyo yenyewe, na lebo ya kuitambulisha mashine, kwa mfano jina la jengo au idara. Lebo huonekana kama jambo dogo. Usipoiweka siku ya kwanza, utakuwa na orodha ya mashine mia nne zisizojulikana ziko wapi, na hapo utarudi kule kule kwa karani na karatasi yake. Katika mtandao wenye kikoa cha Windows, uwekaji huu hauhitaji mtu kupita kila mashine. Sera ya kikoa huagiza kwamba kila tarakilishi inapowaka imsakinishe wakala kama hayupo.

Baada ya hapo mazungumzo huwa mafupi. Wakala huipigia seva hodi na kuuliza iwapo ripoti inahitajika. Seva ikikubali, wakala hukagua mashine, huandika taarifa kwa muundo wa XML, huzibana na kuzituma. Seva isipozihitaji, wakala hunyamaza hadi zamu ijayo. Urefu wa zamu hupangwa na msimamizi, na kwa kawaida huanzia saa 24. Kuna hila nyingine ya busara: mawakala hawaachwi wapige hodi kwa pamoja. Kila mmoja hungoja kwa muda wa kubahatisha, ama sivyo maabara nzima ikiwashwa saa mbili asubuhi, seva ingefurikwa kwa mkupuo mmoja.

Suala la wakati huwaponza wengi. Vitabu vya mwongozo hupendekeza ukaguzi ufanywe usiku ili usiwasumbue watumiaji. Pendekezo hilo linafaa mahali ambapo mashine hazizimwi. Katika maabara nyingi za vyuo vyetu, mlinzi huzima swichi kuu jioni ili kuokoa umeme na kuepuka hatari, kwa hivyo ukaguzi wa saa nane za usiku hukuta giza. Lililo bora ni wakala aanze kazi dakika chache baada ya mashine kuwaka. Mzigo wake ni mdogo. Mwanafunzi anayechapa tasnifu yake huenda asiutambue kabisa.

Vipi kuhusu vifaa visivyo na wakala? Hapa OCS ina utaratibu wa kupendeza. Katika kila sehemu ya mtandao, seva huteua tarakilishi chache, kwa kawaida mbili, ziwachungulie majirani zao. Haziteuliwi kiholela. Seva huweka hesabu ya mara ambazo kila mashine imeripoti, na hesabu hiyo kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya uaminifu. Mashine isiyokosa zamu hupewa kazi ya ujirani. Msomaji Mkenya atakumbuka utaratibu wa Nyumba Kumi uliotangazwa nchini mwaka 2013. Mashine teule huita kila anwani iliyo karibu na kuandika iliyoitika, hata kama haina wakala. Anwani ya kudumu ya kadi ya mtandao huanza na tarakimu zinazomtambulisha mtengenezaji, kwa hivyo msimamizi huweza kujua kwamba kile kisichojulikana ni kichapishi, simu ya mtu, au kisambazaji cha mawimbi ambacho mtu amekichomeka chini ya meza yake bila ruhusa. Hicho cha mwisho ndicho huvuruga usingizi wa wasimamizi, maana ni mlango wa uani ambao hakuna anayeulinda.

Vichapishi, swichi na ruta huulizwa kwa itifaki ya SNMP, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1988. Matoleo yake ya kwanza hutumia neno la siri linalosafiri mtandaoni likiwa wazi, na vifaa vingi vimetoka kiwandani vikiwa na neno lile lile, yaani neno la Kiingereza la umma. Siri inayoitwa umma ni kinaya ambacho wanafunzi wa fasihi watakifurahia. Toleo la tatu hutumia usimbaji, nalo ndilo la kutumiwa kila kifaa kinapoliweza.

Tatizo gumu kuliko yote, hata hivyo, ni la utambulisho. Daftari litajuaje kwamba mashine iliyoripoti leo ndiyo ile ya jana? Jina halitoshi, kwani hubadilishwa. Anwani ya kadi ya mtandao haitoshi, maana kiunganishi kimoja cha USB huweza kuazimwa na vipakatalishi vitano kwa siku moja. Nambari ya kiwandani ingefaa, lakini tarakilishi nyingi za kuunganishwa madukani hazina nambari. Mahali pake pana maneno ya Kiingereza yanayosema nafasi hii itajazwa na mtengenezaji. Hakuna aliyeijaza. Daftari likiyachukua maneno hayo kuwa nambari halisi, mashine 30 zitasomeka kama moja inayobadilika kila baada ya dakika. Ndiyo sababu OCS huwa na orodha ya nambari na anwani za kupuuzwa, na utambulisho hupimwa kwa alama kadhaa zikilinganishwa. Mwanafunzi wa hadithi simulizi hatashangaa: mhusika hatambuliwi kwa jina pekee, bali kwa jina, kovu na neno alilosema langoni.

Yapo masuala mawili yasiyo ya kiufundi tu. La kwanza ni mamlaka. Anayetumia njia ya kuuliza hushawishika kuipa programu nywila ya msimamizi mkuu wa kikoa, kwa kuwa ndiyo isiyokataliwa popote. Huko ni kubisha katika nyumba za watu usiowajua huku ufunguo wa hazina ukining'inia mkononi. Mashine moja iliyokwisha kutekwa yatosha kuinyakua. Akaunti ya ukaguzi yapasa kuwa na haki za kusoma zinazohitajika tu. La pili ni faragha. Wakala huandika jina la aliyeingia katika mashine na programu alizoweka, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya huhesabu taarifa yoyote inayomhusu mtu anayetambulika kuwa data binafsi. Mhadhiri aliyewekewa wakala ana haki ya kuarifiwa, na kipakatalishi alichokinunua kwa mshahara wake si mali ya chuo hata kama hukiunganisha na mtandao wa chuo. Watu wakiambiwa mapema nini kinasomwa na nini hakisomwi, ile shutuma ya ukachero hupungua makali. Wasipoambiwa, wenye ujuzi humwondoa wakala kimyakimya, na daftari huanza kuongopa.

Daftari likishakamilika, kazi yake huonekana katika maswali ya kawaida. Microsoft ilikoma kuipa Windows 10 viraka vya bure vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Orodha ya mashine zinazoitumia bado hupatikana kwa kubofya mara moja, pamoja na zile ambazo kumbukumbu na vichakato vyake haviwezi kubeba Windows 11. Afisa wa ununuzi akipewa orodha hiyo hujadili idadi kamili, si makisio. Na ile kumbukumbu ya gigabaiti 8 iliyogeuka 4 husomeka siku ile ile mashine inaporipoti.

Husalia mashine zilizonyamaza. Programu nyingi humruhusu msimamizi kufuta kila isiyoripoti kwa siku 30, na orodha hubaki safi. Orodha safi ya namna hiyo imefuta jambo lenyewe lililopaswa kusomwa, kwani huenda mashine iliyonyamaza ni mbovu, huenda imefungiwa kabatini wakati wa likizo ndefu, au imeibwa. Ifaayo ni kuihamishia katika orodha ya walio kimya pamoja na tarehe ya ripoti yake ya mwisho na chumba kilichoandikwa kwenye lebo. Kisha mtu aende chumbani humo akaangalie.