Ameacha Ulevi, Lakini Kichwa Hakitulii

Mtu akipanda basi Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, hana budi kupita Korogwe. Wengi wetu tunaijua Korogwe kwa njia hiyo tu. Basi linasimama, abiria wanashuka kunyoosha miguu, wachuuzi wanakimbilia madirishani, halafu konda anapiga bodi la gari na safari inaendelea. Na katika barabara kuu ndefu kama ile, ukitazama vizuri, hukosi kumwona mtu ambaye shavu lake moja limetuna kama ana jino bovu. Si jino. Ni mirungi, au gomba, kama wenyewe wanavyoiita.

Sheria ya nchi yetu inaikataza mirungi, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikifyeka mashamba yake kule Same. Lakini juma hili sitaki kuzungumza juu ya wanaotafuna. Nataka kuzungumza juu ya mmoja aliyeacha.

Nilimkuta Handeni, mwendo wa kilometa 65 hivi kutoka Korogwe, katika karakana ya pikipiki pale Chanika. Ni mtu mzima, ana watoto. Zamani alikuwa utingo wa malori, akitafuna gomba usiku ili asilale, na kunywa gongo alfajiri ili alale. Sasa ulikuwa mwezi wa tano hagusi kimoja wala kingine. Nilitarajia kukuta ndugu zake wanashangilia. Nikakuta wamenuna.

"Bora zamani," kaka yake aliniambia. "Akiwa na gomba lake alikuwa anamaliza kazi."

Siku hiyo alikuwa amefungua injini 3 za pikipiki, na hakuwa amefunga hata moja. Wenye pikipiki walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamekunja mikono. Mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kuazima spana jirani, akakuta watu wanabishana habari za mpira, naye akaingia katika ubishi. Aliporudi hakuwa na spana.

Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alicheka kicheko cha uchungu. "Mwanangu, usimlaumu gomba peke yake," akaniambia. "Huyu tangu hajaanza shule, ukimtuma chumvi anarudi na mpira wa makaratasi. Walimu walimchapa mpaka wakachoka wao. Wakati huo gomba hata kuliona hajaliona."

Maneno ya yule mama ndiyo yaliyonifanya nizungumze nanyi juma hili. Sisi tulikuwa tunamtazama mtu aliyeacha ulevi na kushangaa kwa nini hatulii. Yeye alikuwa anatuambia kwamba kutotulia kulitangulia, ulevi ukafuata.

Hali ya namna hiyo ina jina. Ni upungufu wa umakini pamoja na kutotulia, na duniani kote wataalamu huifupisha kwa herufi ADHD. Si uvivu, si ukaidi, wala si wazimu. Daktari Alexander Crichton wa Scotland aliandika mwaka 1798 juu ya watu wasioweza kushikilia jambo moja akilini. Mwaka 1902, daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake mjini London habari za watoto wa aina hiyo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni maradhi ya watoto, kwamba mtu akikua yanamwacha. Leo inajulikana kuwa wengi hukua nayo. Inakadiriwa kuwa katika kila watu wazima 100, wawili au watatu wanayo. Kwa mtoto, mwili ndio unaokimbia. Kwa mtu mzima mwili unaweza kukaa kitini, lakini kichwa kinaendelea kukimbia. Anasahau miadi, anaanza mengi na kumaliza machache, anakatiza wenzake maneno, na fedha zinamtoka mfukoni kabla hajafikiri.

Sasa tazama uhusiano wake na ulevi. Mwaka 2012 ilitolewa tathmini iliyokusanya tafiti 29 za watu wenye tatizo la pombe na dawa za kulevya. Ilionekana kwamba takriban 23 katika kila 100 walikuwa na hali hii. Kwa hiyo, ukiwa na watu 10 wanaojitahidi kuacha, si ajabu wawili kati yao wakawa na mzigo mwingine ambao hakuna aliyeuangalia.

Kwa nini iwe hivyo? Gomba lenyewe linatupa fununu. Ndani ya majani mabichi ya mirungi mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo kwa umbo na kwa kazi ni ndugu wa amfetamini. Kathinoni huharibika majani yakinyauka, ndiyo maana wauzaji huyafunga katika majani ya mgomba na kuyakimbiza barabarani. Na amfetamini, mwaka 1937 huko Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto wasiotulia, akashangaa kuona wanakaa na kusoma. Vidonge vinavyotumika zaidi duniani kutibu hali hii, kama Ritalin, ni vya jamii hiyo ya vichangamsho. Basi huenda utingo wetu, bila kujua, alikuwa amejiandikia dawa mwenyewe. Ila ilikuwa dawa isiyo na kipimo wala daktari, nayo ikamlipisha kwa usingizi wake, chakula chake, moyo wake na mshahara wake.

Msomaji makini ataniuliza hapa: kama ni hivyo, kwa nini asipewe hicho kidonge cha hospitali? Swali ni zuri, na jibu lake si jepesi.

Kwanza, kidonge hicho si kitu cha kutarajia kukikuta katika kabati la dawa la zahanati. Hata kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilikataa mara mbili, mwaka 2019 na mwaka 2021, kukiingiza katika orodha ya dawa za lazima. Pili, mtu aliyeacha kichangamsho miezi mitano iliyopita, ukimpa kichangamsho kingine nyumbani pasipo mtu wa kumsimamia, umemrudisha mlangoni mwa nyumba aliyoikimbia. Akizidisha kipimo atapata stimu ile ile, na akikosa fedha atakiuza. Lakini nisiwadanganye. Zipo nchi ambako madaktari huwapa vichangamsho hata walioacha dawa za kulevya, wakiwachunga kwa karibu. Utafiti mmoja wa Sweden uliotolewa mwaka 2013, uliofanywa kwa wafungwa waliokuwa wametumia amfetamini, ulionyesha kuwa ilisaidia. Kwa hiyo si mwiko. Ila ni kazi ya bingwa wa maradhi ya akili mwenye nafasi ya kumwona mgonjwa mara kwa mara. Asiye na bingwa jirani inambidi atazame njia nyingine. Na ipo.

Kuna dawa ambazo si vichangamsho. Inayojulikana zaidi ni atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002. Kazi yake ni kuifanya noradrenalini, kemikali inayousaidia ubongo kukaza uangalifu, ikae muda mrefu zaidi kati ya mishipa ya fahamu. Haina stimu, kwa hiyo mtaani haina bei. Hiyo ndiyo faida yake kwa mtu aliyeacha ulevi.

Udhaifu wake ni kwamba inakwenda polepole. Huchukua majuma kadhaa kuonyesha nafuu, na pengine miezi miwili au mitatu kufikia nguvu yake yote. Hebu fikiri: unampa dawa ya kungoja mtu ambaye maradhi yake ni kushindwa kungoja. Siku ya nne atasema haifai na kuitupa. Hapo ndipo ndugu wanapohitajika, kumshikia subira ambayo yeye hana. Na wasitegemee muujiza. Mwaka 2008 huko Marekani ilijaribiwa kwa watu 147 waliokuwa wameacha pombe karibuni. Makini yao iliongezeka, na siku za kunywa kupindukia zilipungua kwa kama robo. Lakini haikuwachelewesha waliorudia kunywa. Kwa maneno mengine, dawa inasaidia, ila haifanyi kazi yote.

Zipo na nyingine ambazo daktari anaweza kuzifikiria. Bupropioni husaidia baadhi ya watu, lakini inaweza kuleta degedege, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu anayekata pombe ghafla. Klonidini na guanfasini hushusha shinikizo la damu. Imipramini, dawa ya zamani ya sonona, iliwahi kutumika sana, lakini ikizidishwa hudhuru moyo na inaweza kuua. Nazitaja si ili mtu aende dukani kuzinunua. Nazitaja ili ajue kwa nini asiende dukani kuzinunua.

Tena kabla ya kidonge chochote lipo swali la awali: je, kweli ni hali hii? Mtu aliyetoka katika gomba na gongo huwa hatulii kwa sababu ya kuacha kwenyewe. Halali vizuri, ana hasira, anasahau. Pengine ni sonona, pengine aliwahi kuumia kichwa katika ajali. Ndiyo maana daktari mwenye busara hungoja vumbi la arosto litulie kwanza, kisha huuliza habari za utotoni, kwa sababu kanuni inataka dalili ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Na habari za utotoni hazipimwi kwa damu. Anazo mama, anazo shangazi. Maneno ya mama yule wa Handeni juu ya chumvi na mpira wa makaratasi yana thamani kuliko kipimo chochote cha maabara.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo haihitaji duka la dawa. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 86 wenye hali hii, waliokuwa wakinywa dawa lakini bado wanasumbuka. Nusu walifundishwa mbinu za kupanga maisha, nusu wakafundishwa kutuliza mwili na kupewa ushauri. Walionufaika katika kundi la kwanza walikuwa kama mara mbili ya wale wa kundi la pili. Na mbinu zenyewe ni za kawaida mno: daftari moja tu la kuandika kila ahadi na kila kazi, kazi kubwa ikatwe vipande vidogo, na vitu vinavyovuta macho viondolewe mbele ya mtu anayefanya kazi.

Nilipowaeleza hayo pale karakana, kaka mtu alifikiri kidogo, akatoa hukumu yake: injini moja kwenye meza, na pikipiki nyingine zingoje nje mpaka hiyo ifungwe. Spana zikatundikwa ukutani ili asipate sababu ya kutoka. Simu ikatengwa kwa kazi moja, kumlilia saa ya kazi na saa ya chakula. Ujira wake akawa anapewa shangazi, naye anampa wa siku kwa siku, maana fedha nyingi kwa mkupuo ndizo zilizokuwa zikimpeleka kilabuni. Sisemi amepona. Nasema jioni ile injini mbili zilifungwa.

Wazo hili si geni katika milima yetu. Wilayani Korogwe, huko juu Usambara, ipo hospitali ya Lutindi, inayoendeshwa na Kanisa la Kilutheri. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa hospitali za kwanza kabisa za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Kazi za shamba na za mikono, kwa ratiba na pamoja na wenzako, zimekuwa sehemu ya tiba kule. Wazee wale hawakuwa na herufi za ADHD, lakini walijua kwamba kichwa kisichotulia hupata nafuu siku inapokuwa na mpangilio.

Nasema haya kwa sababu tumezoea kufikiri kwamba kuacha ni mwisho wa kazi. Nchi yetu imepiga hatua. Tangu Februari 2011, Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, huduma hiyo imesambaa mikoani, na katika mkoa wa Tanga inatolewa hospitali ya Bombo. Lakini methadoni ni kwa waliotumia heroini. Aliyeacha gomba au gongo hana kikombe cha kunywa kila asubuhi. Anacho kichwa chake na ndugu zake. Kichwa kikimshinda na ndugu wakamwambia "bora zamani", basi njia iliyobaki anaijua vizuri, na iko stendi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mtu wa namna hii nyumbani, mpeleke hospitali ya wilaya, iwe Handeni au Magunga pale Korogwe, au iliyo karibu nawe, na uende naye mwenyewe. Mwambie mganga mambo mawili: alikuwa anatumia nini, na alikuwa mtoto wa namna gani. La kwanza huulizwa kila mara. La pili husahauliwa, na pengine ndilo lenye ufunguo. Akitakiwa kuonana na bingwa, msindikize. Akipewa dawa ya polepole, mhesabie majuma. Na kabla hujamwita mvivu, msafishie meza kwanza abaki na injini moja.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tuonane juma lijalo, panapo majaliwa.