Je, Wajua? Kukimbiza na kukamata ni ndugu wa tumbo moja

Vitenzi vya Kiingereza chase (kukimbiza) na catch (kukamata) vilitoka kwenye mzizi mmoja wa Kilatini, captare, yaani kujaribu kukamata. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walikuja na lahaja yao ya Kifaransa, iliyotamka neno la kuwinda kwa k: cachier. Ndilo lililozaa catch. Kifaransa cha upande wa Paris kilisema chacier, likaja chase.

Kuna na ndugu wa tatu, tena huyu ndiye kituko: purchase. Kabla ya kuwa kununua, lilimaanisha kukisaka kitu mpaka ukipate. Fedha ziliingia baadaye. Siku hizi Waingereza hutumia chase hata kwa karani anayefuatilia malipo yaliyochelewa, asiyemkimbiza mtu yeyote, simu mkononi tu.