Biashara ya Picha na Vinyago: Soko la Kindu Lianzie Sebuleni

Mwenye nyumba wa Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema nchini Kongo, atakaye kuipamba sebule yake ana njia tatu: kununua picha iliyopigwa chapa kwa maelfu katika viwanda vya mbali, kununua kitu cha kale, ambacho ni ghali na aghalabu kina shaka, au kumwendea mchoraji au mchongaji aliye hai, akamwagiza kazi iliyo moja tu duniani. Njia hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, ilhali ndiyo yenye manufaa kwa mnunuzi, kwa fundi na kwa mkoa wa Maniema.

Tuanze na vitu vya kale, kwa kuwa ndivyo vilivyoipatia Maniema sifa katika masoko ya sanaa ya Brussels na Paris. Warega, wanaokaa Pangi, Shabunda hata Mwenga, walichonga vinyago na sanamu za mti na za pembe za ndovu kwa ajili ya Bwami, chama chenye daraja za heshima na mafunzo ya adabu. Kinyago kidogo kiitwacho lukwakongo, chenye uso uliopakwa udongo mweupe na ndevu za nyuzi kidevuni, hakikuwa cha kuvaliwa usoni tu. Kilifungwa mkononi, au kikatundikwa uani pamoja na vingine, na mwenyewe alipofariki kikashikwa na mrithi wake. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilipokipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, vitu vilivyokuwa amana ya watu wazima wenye daraja vikazidi kuwa bidhaa ya madalali.

Katika biashara hiyo, thamani ya kitu hufuata nasaba yake: nani alikipata, lini, kimeonyeshwa wapi, kimechapishwa katika kitabu gani. Na kwa kuwa hati hizo huandikwa Ulaya, baada ya kitu kuondoka, faida nayo hubaki Ulaya, na aliyekitoa kijijini hupata sehemu ndogo kuliko wote. Tena iko hatari ya sheria, kwani vitu vya utamaduni vinalindwa na sheria ya Kongo ya tarehe 15 Machi 1971, na biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilikatazwa kwa makubaliano ya mwaka 1989. Mwenye busara, aonyeshwapo pembe iliyochongwa au kinyago kisicho na hati, asinunue.

Kuhusu picha za rangi, funzo liko Lubumbashi, mji ambao reli yake inafika hata Kindu. Huko, katika miaka ya 1970, wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakawauzia makarani na wafanyakazi picha za mamba muntu (nguva mwenye umbo la mwanamke), za waziri mkuu wa kwanza Patrice Lumumba na za enzi ya Wabelgiji, zikatundikwa katika sebule za watu wa kipato cha kawaida. Wageni walinunua pia, lakini riziki ya kila siku ilitoka katika mishahara ya wenyeji. Na mishahara hiyo ilipopungua thamani, soko likadhoofika. Kwa hiyo nguzo ya sanaa ya mjini ni nyumba za mjini.

Mnunuzi na achague kwa makini. Akigeuza picha, atazame nyuma: je, kitambaa kimevutwa sawasawa, na rangi haikupasuka pembeni? Akishika kinyago, aulize kama mti ulikaushwa barabara kabla ya kuchongwa, maana mti mbichi hupasuka. Na akisikia harufu ya rangi ya viatu au ya moshi mpya, ajue kwamba uzee huo umetengenezwa. Kwa kuwa hewa ya Kindu ina unyevu mwingi, picha isigandamane na ukuta. Kisha atoe arbuni, na alipapo baki apewe stakabadhi yenye jina la fundi, tarehe, mahali na bei.

Karatasi hiyo ndogo ndiyo mwanzo wa nasaba, safari hii iliyoandikwa Maniema na kubaki mikononi mwa wenyeji. Kazi ikiuzwa tena kesho, thamani yake itakuwa na shahidi. Na fundi mwenye wanunuzi wa karibu atapata sababu ya kuchukua wanafunzi, badala ya kuiacha kazi akatafute riziki machimboni.