Vijiti au Usukani: Mkono Nao Usikilizwe

Majira ya baridi yanapoingia, kumbi nyingi za michezo nchini Uingereza hugeuka viwanja vya mbio nyakati za jioni. Zulia hutandazwa sakafuni, kingo za njia hupangwa, na vigari vya umeme, vyenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi au moja ya kumi na mbili ya gari halisi, hushindana kwa duru za dakika tano hivi. Wenye magari husimama jukwaani bega kwa bega, macho yakifuata njia, mikono ikishika rimoti.

Anayeitazama mikono hiyo huona mara moja kwamba haifanyi kazi moja. Baadhi wameshika kisanduku chenye vijiti viwili: kimoja husukumwa mbele ili gari liende na kuvutwa nyuma ili lifunge breki, na cha pili hulazwa kushoto au kulia kugeuza magurudumu. Wengine wameshika rimoti yenye mpini kama wa bastola. Kwa kawaida kidole cha shahada cha mkono wa kushoto huvuta kifyatulio kuongeza mwendo na kukisukuma kufunga breki, huku mkono wa kulia ukizungusha usukani mdogo uliowekwa ubavuni. Marekani usukani umetawala; Uingereza na Ujerumani vijiti vingali na wafuasi wake. Ubishi juu ya ipi iliyo bora ni wa miaka mingi na haujapata mshindi, kwa kuwa mabingwa wametoka pande zote mbili.

Lisiloulizwa sana ni swali la kitabibu: mzigo wa mchezo huu huangukia kiungo gani?

Kwa mwenye vijiti, huangukia vidole gumba. Kano mbili zinazokitanua kidole gumba hupita pamoja ndani ya ala moja nyembamba, pembeni mwa kifundo cha mkono. Ala hiyo ikinenepa, kano hukwaruzana nayo kila kidole kinapotikisika. Hali hii hubeba jina la daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeieleza mwaka 1895. Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wanaifahamu vyema, kwani huwapata kina mama wanaomwinua mtoto mchanga kwa kumshika makwapani, vidole gumba vikiwa vimetanuka. Mgonjwa akikifumbata kidole gumba ndani ya ngumi, kisha akaipinda ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho, maumivu makali humchoma penye ala hiyo. Mkono wa pili nao upimwe hivyo hivyo, maana hata mkono mzima huhisi kuvutwa kidogo.

Usukani humpumzisha mtu huyu, lakini huhamishia kazi kwingine. Kifyatulio ni cha kidole cha shahada, na uzito wa rimoti hubebwa na mkono uleule unaokivuta. Kwa mtu ambaye kidole chake hicho hukwama kikiwa kimekunjwa, kisha hufunguka kwa mshtuko, hasa asubuhi, kuhamia usukani ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Kukwama huko, pamoja na ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyokifuata inayotokana na neva kubanwa kwenye kifundo, huwapata zaidi watu wenye kisukari. Haifai basi kuitupia rimoti lawama zote. Mara nyingi mchezo hudhihirisha tu ugonjwa uliokuwapo, na kipimo cha sukari kinaweza kufaa kuliko rimoti mpya.

Mwenye vijiti asiyetaka kuviacha ana njia kadhaa. Kidole kimoja hakivunji chawa: badala ya kukisukuma kijiti kwa ncha ya kidole gumba peke yake, anaweza kukibana kati ya kidole gumba na cha shahada, mtindo unaotumiwa na waendeshaji wengi wazuri. Springi za kijiti huweza kulegezwa. Trei inayoning'inia shingoni kwa mkanda huondoa uzito viganjani. Kwa aliyedhoofika mkono mmoja kutokana na kiharusi, zipo rimoti ndogo ambazo usukani wake husogezwa kwa kidole gumba cha mkono uleule unaovuta kifyatulio, ingawa humrudishia kidole gumba mzigo wake wa zamani.

Kubadili si jambo jepesi. Aliyezoea vijiti kwa miaka hurudi nyuma kabisa anaposhika usukani; hugonga kingo na kushindwa na watoto, na wengi huirudia rimoti ya zamani kabla mkono haujapata nafuu. Ni busara aazime ya mwenzake kwa jioni kadhaa kabla ya kununua.

Maumivu yasiyopungua baada ya majuma machache ya mapumziko, ganzi inayomwamsha mtu usiku, au kunywea kwa msuli ulio chini ya kidole gumba, yote hayo yampeleke hospitali. Huko kuna gango la kukituliza kidole, dawa, sindano ya steroidi penye ala na, kwa wachache, upasuaji mdogo.

Mhudumu anayesema tu "acha mchezo" huitikiwa kwa heshima, na Ijumaa mgonjwa hurudi jukwaani kama kawaida. Afadhali amwagize aje kliniki na rimoti yake, aishike kama anavyoishika mbioni kwa dakika tano, naye mhudumu atazame ni kidole kipi kinachoanza kukakamaa.